Sponji Ndani ya Vani

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: gari lile nalitaka kuliko anavyolitaka yeye. Yeye anataka kupelekea wateja makochi. Mimi nataka tu nisibebe tena mito ya makochi kichwani na kupita mbele ya wanafunzi wenzangu. Wananiita Godoro. Siwajibu. Mimi na kujibu watu ni mbingu na ardhi.

Leo tumelifuata kwa dalali. Vani nyeupe, ndefu, isiyo na madirisha nyuma. Dalali ananukia sabuni. Kasema halijawashwa tangu wiki iliyopita, limepumzika tu, mama yangu. Mzee mwenye mvi, "mama yangu" kila neno! Nikaweka kiganja juu ya boneti. Joto. Joto la paji la uso la mgonjwa.

Nikakificha kiganja mfukoni.

Makubaliano: gari kwa cherehani kubwa ya Mama, ile ya kushonea ngozi, inayotulisha. Tumepewa mpaka Ijumaa tulijaribu. Mjomba, kaka yake Mama, atalikagua. Aliendesha malori mpaka mgongo ukagoma.

Jumanne, 5 Machi

Mjomba kafungua kifuniko cha mafuta ya injini. Chini yake utando mweupe mzito, kama maziwa yaliyochacha. Kanuna. Akawasha. Moshi mweupe, wenye harufu tamu, ukatambaa uani badala ya kupaa. Ukanizunguka miguu. Kasema maji yanaingia kwenye mafuta, gasketi imeungua. Akanikabidhi kitabu cha gari, maana ni cha Kiingereza na mimi ndiye ninayelipiwa ada. Kinasemaje?

Kinasema zima injini mara moja. Nikamsomea kwamba moshi mweupe ni kawaida kwa gari lililopumzika. Mjomba kasema ajabu, kitabu kinaongea kama dalali.

Tukazunguka mtaani. Nyuma, kwenye sehemu tupu ya mizigo, kitu kinagonga. Kinagonga kwa adabu, kinanyamaza, kinagonga tena, kama mgeni anayejua watu wamo ndani. Mjomba kasema bushi, zile raba za springi, zimekwisha, gari lilibebeshwa kupita kiasi. Nikamwuliza mbona linagonga hata tukisimama. Akaongeza sauti ya redio.

Mama atalijaribu Alhamisi. Akisikia yale, nimerudi kwenye mito.

Jumatano, 6 Machi

Mpango! Sisi ni watu wa sponji. Kitu kikipiga kelele, si unakivalisha sponji?

Mama kaenda kununua vitambaa. Nikang'oa mbao za ubavuni mwa gari, nikashindilia vipande vya sponji kila uwazi, hata kwenye matundu ya kutu chini ya zulia. Halafu kiti cha dereva. Dashibodi inaonyesha kilomita chache, gari karibu jipya. Kiti kina shimo la mtu aliyekaa hapo umri wake wote. Nimekijaza, nimekivalisha ngozi mpya, mshono wa kuficha uzi. Kizuri mno! Nikalitikisa gari. Kimya. Nikajipigia makofi, polepole, nisisikike.

Makofi yakaendelea kidogo baada ya mimi kuacha. Mwangwi, bila shaka.

Ingawa gari lililojaa sponji halina mwangwi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua dirisha asubuhi, pua ya gari hii hapa. Jana tuliliacha langoni. Mjomba kasema breki ya mkono imelegea, limejiteremkia. Nikamwonyesha kwamba ua wetu unateremkia langoni, si huku. Kasema ana shughuli. Mjomba hana shughuli yoyote.

Shimo la kiti limerudi. Umbo lile lile. Nimejiambia springi ya ndani imevunjika. Nimejiambia zaidi ya mara moja.

Mama kaendesha. Hakuna kugonga! Ila gari linapumua. Upepo unapita kwenye matundu ya kutu, sponji linavutwa na kuachiwa, hilo naweza kulieleza. Mama hakujua. Kasimamisha gari, kageuka taratibu, kalisalimu giza la nyuma kwa heshima zote. Akasema kama kuna mzee amelala humo atuwie radhi. Tukasubiri. Hata mimi, niliyeweka sponji kwa mkono wangu, nikasubiri jibu.

Kwenye kilima maji yakachemka, mvuke ukatufunika. Tumerudi tukisukuma, mbele ya shule, saa ya kutoka. Mama kasema hapana. Hawezi kutoa cherehani yake akapewa hofu.

Ijumaa, 8 Machi

Dalali kaja na wabebaji. Mama kamwambia achukue gari lake. Dalali akakaa kwenye kiti cha dereva, akapapasa mshono wangu, akatabasamu. Mama yangu, kasema, mtu hashoni kiti cha gari lisilo lake. Akavuta ubao mmoja. Sponji likamwagika kama matumbo. Kasema tulipolifungua ndipo tulipolinunua.

Mama kanitazama. Mshono ule anaujua, alinifundisha yeye. Angeweza kusema ni huyu mtoto. Hakusema. Mjomba kafoka mpaka sauti ikamkauka, lakini wabebaji walikuwa wengi na mgongo wake ni mmoja.

Cherehani imeondoka kwa mkokoteni. Nilimwuliza dalali, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, mbona asiipakie kwenye vani tumpelekee. Alisikia. Kasema humo yeye hapakii kitu chake.

Jumamosi, 9 Machi

Mama anashona ngozi kwa mkono, uani. Vidole vimemvimba. Hajanigombeza. Heri angenigombeza.

Nimelitafakari kosa langu kwa uaminifu, na nimeliona. Sponji lilikuwa kidogo! Mchana nimeongeza, nimebana kila pembe. Muuza mikate wa mtaa wa pili anatafuta gari. Akiuliza habari za moshi nitamsomea kitabu. Cherehani itarudi, Mama atacheka, na mambo yatakwisha. Safari hii haliwezi kupumua.

Nyayo ukumbini. Mama namsikia uani, anavuta uzi. Mjomba alikwenda kwake tangu jana. Zinakuja bila haraka. Nilipozisikia nilifunika ukurasa huu kwa mto, sasa nimeutoa mto. Sifichi tena.

Zimesimama mlangoni. Nitajikaza nisalimu. Kisha nimwulize, yeyote awaye, kama hatafuti gari.