Nakala ya Hati ya Kukamata Vitu Vyangu

Jumatatu, 3 Machi
Dalali wa mahakama ananitafuta! Sababu ni mabati niliyokopa kwa muuza vifaa vya ujenzi. Shemeji kaja mbio kunipasha: jamaa kaenda nyumba tuliyohama, kakuta wapangaji wengine, karudi mikono mitupu. Nikacheka. Bibi yangu hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kama cherehani yake imo kwenye hati. Bila cherehani hatuli. Nikamwambia atulie, kaolewa na kichwa. Nitatafuta nakala ya hiyo hati, nione wameandika nini, nifiche hicho hicho. Vingine wavitazame mpaka wachoke.

Jumanne, 4 Machi
Masijala ya mahakama. Foleni ndefu, feni haizunguki, mimi ndani ya koti la harusi. Nikamwambia karani mimi ni kaka mkubwa wa mdai, nimetumwa nakala. Sauti nzito kama jaji. Akaomba kitambulisho. Nikakohoa. Akaomba tena. Nikatoa.
Akasoma jina, akatazama jalada, akanitazama mimi.
“Babu, mdaiwa si ndiye wewe? Nakala ni haki yako. Sasa umejitia kaka wa mtu kwa nini?”
Nikasema nilikuwa nampima. Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Mungu ambariki binti huyu, kaniandikia ombi kwa mkono wake, maana mwandiko wangu hata kuku wangeuonea aibu. Nirudi kesho na ada.

Jumatano, 5 Machi
Ada nimelipa, risiti ninayo. Karani akauliza naishi wapi siku hizi, ombi linataka anwani. Mwingine angejibu kwa mkato. Mimi? Nikaomba karatasi nikamchorea ramani: mashine ya kusaga, kibanda cha kinyozi, geti la buluu, mpaka mbwa wa jirani nikamweka. Karani akashukuru sana. Akasema dalali alikwama kwa kukosa kitu kama hicho. Nikamwambia asijali, kusaidia watu ni kawaida yangu.
Nakala mkononi. Cherehani imo. Ya kwanza kabisa!

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nimeibeba cherehani niipeleke kwa shemeji. Nafika getini, dalali huyu hapa, ramani yangu mkononi. Akausifu mchoro, hata mbwa kamtambua. Nilifurahi, nisiseme uongo. Kisha akaniambia niishushe taratibu, isije ikaharibika, anaondoka nayo.
Bibi yangu akatoka. Akaisoma nakala yote, mimi niliishia kwenye cherehani, akaona deni lililobaki ni dogo kuliko tulivyodhani. Akamsihi dalali angoje, akaenda dukani kwa mdai. Wakapatana: atawashonea wafanyakazi wake sare mpaka deni liishe. Mdai akampigia dalali simu, arudishe hati mahakamani. Dalali akanywa chai yetu, akaenda zake.
Jioni bibi yangu akasema, “Mume wangu, bila karatasi yako leo ningelala sina cherehani.” Macho yakanilowa. Vumbi. Akaongeza neno kuhusu ramani, sikulitilia maanani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimezunguka kushukuru. Karani, mdai, hata dalali. Watu wema wamejaa duniani.
Kumbe kinyozi naye anadaiwa, hati yake iko masijala! Nimemwambia alale usingizi, kampata mtaalamu. Jumatatu naenda kuichukua, nitasema mimi ndiye baba yake mzazi. Kwa shukrani anataka kuninyoa bure. Nimekataa. Ndevu nazifuga, nifanane na mzazi wake.