Ombi la Kurudishwa kwa Siasa Ukumbini

Kwa Ndugu Katibu Mkuu,
Umoja wa Kimapinduzi wa Washona Mashati,
Ukumbini, ng'ambo ya barabara.

Kaka,

YAH: UKOMUNISTI ULIOHAMIA SEBULENI KWANGU

Sina haja ya kuuliza kama u mzima, maana nakuona kupitia dirisha hili ukipanga viti. Ningeweza kuvuka barabara nikakwambia haya kwa mdomo, lakini mara ya mwisho nilipofanya hivyo ulinijibu kwamba malalamiko yote yaletwe kwa maandishi, tena yawe na namba. Ukaongeza kwamba sisi tunaoshonea kiwanda majumbani si wanachama, hivyo hatuna pa kulalamikia. Basi naandika kama jirani, na namba nimeweka.

Nianze na azimio lako. Ulipitisha kwamba siasa za chama chochote, na hasa za Chama cha Kikomunisti, zisizungumzwe chini ya paa la Umoja. Sababu zako nazijua kwa moyo kwa sababu ulizifanyia mazoezi mezani kwangu: Umoja ni wa kila anayeshona, anayesali na asiyesali, mwenye kadi ya Chama na asiye nayo, na siku ya mgomo inatakiwa mikono ikunjwe, vichwa si lazima vifanane. Nikakubali kabisa. Kisha shemeji yako, yaani huyu mume wangu, akarudi nyumbani amevimba, akasema tajiri hula na mbunge kila Ijumaa na hakuna anayemwambia aache siasa mlangoni, na kwamba Umoja wa Kimapinduzi ambamo mapinduzi hayatajwi ni cherehani isiyo na sindano. Nayo nikayakubali. Kwa hiyo usinitafutie upande, kaka. Shida yangu mimi ni viti.

1. Wakomunisti walipozibwa mdomo ukumbini, walivuka barabara wakaja kusemea kwangu. Hao ningewamudu, hawajai hata sebule. Lakini wapinzani wao nao wakavuka, wakidai kwamba lazima awepo mtu wa kuwachunga wasije wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Na wasio na upande wakavuka kuja kusikiliza, maana ukumbini hapakuwa na cha kusikiliza. Sasa kila Jumamosi alasiri Umoja mzima uko sebuleni kwangu, na wewe uko ukumbini na mlinzi. Mlinzi mwenyewe juzi alikuja kuomba maji akakaa hadi mwisho.

2. Viti vikiisha wanakalia kazi yangu. Mpiga pasi wa zamu ya asubuhi, ambaye hawapendi wakomunisti hata kuwasikia, amejichagulia furushi langu la kola kuwa kiti cha kudumu. Mtu anayenyoosha nguo maisha yake yote! Kiwanda kilinirudishia furushi zima, na mkaguzi akaniuliza kama huwa nazishona huku nimezikalia.

3. Watoto wameharibika. Binti yangu mkubwa nikimwambia aoshe vyombo anasimama na kusema ana hoja ya utaratibu. Mdogo ametaka suala la kulala mapema lipelekwe kwenye kamati. Shemeji yako alikuwa akicheka hadi machozi, anasema kizazi kimeamka, mpaka walipopitisha kwamba kila mfanyakazi afue shati lake mwenyewe. Sasa anasema hawajakomaa.

4. Hili la nne ndilo lililonifanya nishike kalamu. Unamjua mkata vitambaa, yule tunayemwita Bwana Utaratibu. Jumamosi iliyopita alihesabu watu, akatangaza kwamba idadi ya kikatiba imetimia, hivyo kile kikao cha sebuleni kwangu ni mkutano halali wa Umoja. Watu wakapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha akanyanyua kidole tena: ikiwa huu ni mkutano halali, basi paa hili ni paa la Umoja, na kwa azimio la Katibu Mkuu siasa haziruhusiwi chini yake. Wakatazamana. Halafu wakatoka wote, kwa nidhamu, mmoja mmoja, wakaenda uani kwangu ambako hakuna paa, wakaendelea na ukomunisti wao katikati ya nguo nilizoanika.

Mvua ikanyesha. Kaka, hakuna aliyeondoka! Mama wa vifungo alikuwa akieleza kwa nini Chama kisiwaamrishe wafanyakazi, maji yanamtiririka usoni, na shemeji yako alikuwa akimjibu kwamba hakuna anayeamrisha, ila anayeona mbali aruhusiwe kusema, huku shuka langu limemfunika kichwa. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele: ingieni ndani, mwenye paa ni mimi, na mimi sina azimio lolote! Wakaingia. Bwana Utaratibu akasema uamuzi wa mwenye paa umeandikwa. Nilikausha sakafu peke yangu hadi mgongo ukaniuma.

5. La mwisho halina kelele. Ulikuwa ukija kwangu kila Jumamosi baada ya mkutano, unakaa pale karibu na cherehani, wewe na shemeji yako mnagombana kuhusu jambo hilihili mpaka chai inapoa, kisha mnaondoka mmeshikana mabega. Tangu azimio lako hujavuka barabara. Watoto wananiuliza mjomba amekosewa nini. Na shemeji yako, akishamaliza kulichana azimio lako mbele ya watu, huenda dirishani na kuuliza kama umekula. Inaniuma, kaka. Nakuona umekaa mbele ya viti vitupu, umevipanga vizuri, mgongo wima, kana kwamba wataingia sasa hivi, na natamani kukuletea sahani, ila nahofia utaniambia niilete kwa maandishi.

Kwa hayo yote naomba, kwa heshima zote za Umoja nisio mwanachama wake, azimio lifutwe mara moja na siasa irudi ukumbini. Huko viti ni vya chuma na sakafu ni ya saruji, na wakitukanana hakuna kola itakayokunjamana. Waseme wakomunisti, waseme wasiowataka, nawe uwajibu wote kwa sauti yako ile kubwa. Mimi unirudishie sebule.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa chake kipo tayari. Mama ukimwona mwambie wanawe hawajagombana, wanaandikiana tu. Mlinzi naye umsalimie, ila mkumbushe kwamba kikombe alichochukua ni changu.

Ni mimi, wa tumbo moja na wewe,
Mshonaji wa kola, mwenye sebule.

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, wakawa wamekwisha kuja. Jambo la leo lilikuwa kama sisi washonaji wa majumbani tuingizwe katika Umoja, lile ambalo uliliondoa kwenye ajenda ukisema ni siasa ya wakomunisti. Wakomunisti wawili walilipinga, na mpiga pasi aliliunga mkono akiwa juu ya furushi langu, kwa hiyo hata wao sasa hawajui ni siasa ya nani. Kura zikalingana. Bwana Utaratibu akasema kura zikilingana, anaamua mwenye paa. Wote wakanigeukia. Nimeshona kola za kiwanda hiki tangu sijaolewa na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninaonaje. Mkono niliunyoosha, kaka.

Kwa hiyo azimio lako usilifute. Ukilifuta watarudi huko, na huko mlinzi hawezi kuniruhusu kuingia bila kadi ya Umoja. Jumamosi vuka barabara, uje na muhuri wa Umoja ututambue, kisha umjibu shemeji yako, maana hakuna hapa anayeweza kumjibu kama wewe. Njoo na kiti. Huku vimekwisha, na huko unavyo vingi.