Jinsi Nilivyolifundisha Darasa Jina Langu

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Homa Bay. Wiki ya tatu chuoni. Nyumbani Kisegi bado wanaamini saikolojia ni kusoma mawazo. Nyanya amenipigia simu kuuliza anawaza nini. Nikakisia: ng'ombe. Akasema hapana, afadhali ningesomea ualimu.

Leo mhadhiri wetu, Madam Jedidah, ametufundisha habari za mbwa. Mpigie kengele kila unapomlisha; mwishowe kengele peke yake itamdondosha mate. Wenzangu waliandika tu. Mimi niliona kura! Ijumaa tunachagua mwakilishi wa darasa. Mpinzani wangu ni Austine, mtu asiye na mbinu yoyote ila kupendwa.

Jumanne, 16 Septemba
Nimegawa omena ya kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, aliyoniletea shangazi Filister kutoka kisiwa cha Remba. Kila anayetafuna, namnong'oneza jina langu. Omena, Bravin. Omena, Bravin. Millicent akauliza kama niko sawa. Nikamjibu ni sayansi. Akaomba nyingine. Hata Austine alikula, akashukuru. Mjinga!

Jumatano, 17 Septemba
Darasa nusu tupu. Kumbe omena ilinyeshewa kwenye boti, shangazi akaikaanga hivyo hivyo. Bweni zima linaendesha. Foleni ya choo imefika bombani. Mimi mzima: mtafiti haonji jaribio lake. Austine, mgonjwa mwenyewe, anazunguka akiwakorogea wenzake maji ya chumvi na sukari. Kampeni chafu hiyo.

Ijumaa, 19 Septemba
Uchaguzi. Jina langu likatajwa. Millicent akashika tumbo. Kisha safu yote ya mbele. Momanyi akatoka mbio. Sijawahi kumwona Madam Jedidah na furaha vile.

“Tazameni!” akasema. “Hiki ndicho nilichowaeleza Jumatatu!”

Nilipata kura moja. Mpiga kura namfahamu vizuri.

Jioni Austine, mwakilishi mpya, akaja chumbani.

“Pole, Bravin. Ile kitu haikuwa makosa yako.”

Nikatafuta dharau katika sauti yake. Sikuipata. Anaificha kwa ustadi mkubwa.

Jumatatu, 22 Septemba
Mada mpya: ushauri nasaha. Madam alianza kwa kusema mshauri mwema kwanza husikiliza. Yaliyofuata sikuyasikia, nilikuwa nabuni tangazo. Nimefungua kituo changu chini ya ngazi za bweni. Mteja wa kwanza ni Austine, kesho, baada ya chakula cha mchana. Nitamweleza tatizo lake mara tu atakapoketi, kabla hajafungua mdomo.