Neno Moja la Kuwatega Watu wa Mbeya

Jumanne, 8 Julai 2025

Vita imetangazwa! Jumamosi watu wa Mbeya wanaleta barua ya posa ya mjukuu wangu Happy, na mwanangu Adrian amekuja hapa Mlandege, Iringa, kuniambia eti msemaji wa ukoo atakuwa Tadeo. Tadeo! Mdogo wangu niliyembeba mgongoni! Nikauliza mimi nina kasoro gani. Adrian akaangalia viatu vyake. Akasema baba mdogo alikuwa karani kiwanda cha chai, Kiingereza anakijua, na wale wakwe ni wasomi.

Kiingereza gani? Nimemsikiliza Tadeo miaka yote. Neno lake ni moja tu: so. So tukaenda. So nikamwambia. Akishasema so, watu wanatega masikio kama kuku waliosikia debe la mahindi. Siri yote iko hapo. Na mimi darasa la nne nililimaliza, tena wakati wa mkoloni. Neno moja litanishinda?

Nimegoma kula mpaka nipewe usemaji. Mke wangu Rozalia akasema haya, akampelekea jirani sahani yangu.

Jumatano, 9 Julai

Nimeshinda! (Na nimekula.) Adrian amekubali kwa masharti: nisimame, niseme tumepokea barua, nikae. Basi. Mengine atasema Tadeo. Akanikumbusha kwamba kwetu msemaji akisimama hakatizwi na mtu mpaka akae. Ananifundisha mimi niliyemfundisha!

Nikamwita Happy anieleze so. Akasema babu, inategemea. Mara ni kwa hiyo, mara ni sana, mara ni hivyo, na mara mtu anaitanguliza tu huku bado anatafuta la kusema. Neno moja kazi nne, kama mke wa mchungaji! Halafu akanishika mikono, macho yamemjaa machozi. Akanisihi niseme Kiswahili. Mshenga ni mzee Amos, mjomba wa Gwakisa mchumba wake, na ameshaapa kwamba akidharauliwa hapa Iringa harudi tena, posa imekufa. Nikamwambia tulia mjukuu wangu, uko na mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeenda kununua misumari dukani kwa Mujtaba, mtu wa kusoma vitabu. Nikamuuliza so ilitoka wapi. Akasema ni neno la kale mno, Waingereza walilirithi kwa mababu zao, na mababu hao ni ndugu na Wajerumani. Ndiyo maana hata Mjerumani anasema so mpaka leo. Nikaruka! Babu yangu aliwabebea Wajerumani mizigo! Basi neno hili limefika kwetu kabla Tadeo hajazaliwa. Mali ya ukoo. Mujtaba akasema mzee wangu, mimi sikusema hivyo. Wivu.

Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Nikasema so. Mbuzi akaacha kutafuna, akanitazama. Niko tayari.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeanza ukurasa huu mara tatu. Ni baridi.

Wamekuja na makoti meusi. Mzee Amos akaweka barua mezani, juu ya kitambaa alichofuma Rozalia. Nikasimama. Nikawasalimia kamwene, wakaitika. Nikavuta pumzi, nikaachia silaha: so!

Shingo zote juu. Safi! Kumbe sasa wanangoja kitu. Nikatafuta. Hakuna. Ile tumepokea ilikwenda wapi? Nikarudia: so. Tadeo akafungua mdomo, akakumbuka mila, akafunga. Adrian alinipungia mkono nikae mpaka akaonekana anafukuza nzi. Nikae nimeshindwa? Mbele ya Tadeo? Nikasimama zaidi. Wali ukapoa. Nje dereva wao akapiga honi. Mzee Amos akamnong'oneza mwenzake, nikasikia: hawa wanatukataa. Akanyoosha mkono. Akaichukua barua. Mlangoni pa jikoni sahani ikaanguka, nikamwona Happy.

Nilitaka kusema. Mungu anajua. Ulimi ulikuwa ukuni.

Ndipo Rozalia akapita nyuma yangu, kichwa ameinamisha kwa adabu, birika mkono huu, kigoda mkono ule. Kigoda kikanigonga nyuma ya magoti. Nikakaa. Sijatua vizuri, Tadeo keshasimama anasema tumepokea, tumepokea kwa mikono miwili, kaka yangu amezidiwa na furaha. Mzee Amos akaganda na barua yake. Kisha akacheka, akairudisha mezani.

Happy alilia jikoni mpaka wageni wakaondoka.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nimewasimulia wote: neno moja tu, Mbeya nzima jasho! Tadeo alikuwa wa kufunga mlango. Rozalia nimemsamehe, alidhani nimechoka.

Jioni Adrian kapiga simu. Wakwe wanaomba harusini kule Mbeya asimame Tadeo. Nimeelewa. Wananiogopa. Nikamwambia nitasimama vilevile. Happy hapokei simu yangu, kwa hiyo neno jipya nimelifuata kwa Mujtaba. Anasema liko moja, but, yaani lakini, hilo linageuza kila kilichosemwa kabla yake. Hilohilo! Wachungaji watamaliza kusema, wazazi watamaliza, ndipo nitasimama mimi.

Nimemwagiza Rozalia: kigoda kibaki Iringa.