Kilomita Zake na Zangu

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu anapita hapa keshokutwa! Anabadilisha ndege. Atatua saa tano asubuhi, ya pili inaondoka saa saba na nusu. Miaka mitatu hatujaongea, tangu alipoikataa kazi ya ualimu niliyomtafutia nami nikamwambia asikanyage tena kwangu. Upumbavu mtupu. Mama yake alimtembelea mwaka jana. Safari hii kaniachia nafasi. Nataka kumwomba radhi ana kwa ana, tukiwa wawili tu.

Nimepima kwa uzi kwenye tufe la darasani. Uwanja hadi uwanja, kilomita 920. Ndege itachukua saa moja na robo. Kufundisha jiografia kuna faida zake.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji yangu, dereva teksi, kajitolea kunipeleka. Eti tutoke saa mbili. Saa mbili! Kwangu hadi uwanjani ni kilomita kumi na tisa. Nikampa hesabu: binti akipaa kule saa nne kasorobo, nami napanda basi hapa. Yeye mia tisa na ishirini, mimi kumi na tisa. Nani atatangulia? Akacheka mpaka akashika boneti. Ndege haina foleni, mwalimu, akasema, wewe unayo.

Nimekataa teksi. Sababu ya kweli sikuitaja: siwezi kuomba radhi huku shemeji katega sikio. Kijiwe kizima kingejua kabla ya jioni.

Jumatano, 6 Machi

Saa nne kasorobo nikatoka, kifua mbele kama bwana harusi. Saa nne na nusu: mataa ya kwanza. Saa tano: mataa yale yale. Binti alikuwa anatua! Bomba limepasuka, barabara imechimbwa. Nikashuka. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea tena. Miaka hamsini na mitatu si mchezo.

Saa saba kasoro dakika tano nikafika, shati limenata mgongoni. Binti alikuwa karibu na mlango wa ukaguzi, mkoba begani. Kando yake, nani? Shemeji! Mke wangu alikuwa amemtuma tangu saa mbili, aje amzungumzishe mpwawe mpaka mimi nifike.

Sentensi niliyoikariri siku mbili ikayeyuka. Nikamwambia binti amesafiri kilomita mia tisa na ishirini. Akasema anajua, Baba. Kisha akasema kulikuwa na ndege ya kuunganisha baada ya dakika hamsini tu. Aliiacha makusudi, akachagua ya kusubiri saa mbili na nusu, kwa sababu ananijua. Na bado hazikunitosha!

Hapo ndipo nikasema anisamehe. Kwa sauti, mbele ya shemeji. Akanikumbatia na jasho langu lote. Tulipata dakika saba. Shemeji alitupa mgongo akasoma tangazo la mizigo, muda mrefu kuliko maneno yaliyoandikwa pale.

Njiani kurudi nikawaza: miaka mitatu yote, mtoto alikuwa umbali wa saa moja na robo.

Ijumaa, 15 Machi

Binti kanikatia tiketi! Wiki nzima kwake. Ndege ni Jumapili, saa nne asubuhi. Shemeji anasema atanifuata saa kumi na mbili. Masikini, habari ya kwamba barabara imeshafukiwa haijamfikia. Nimemwambia aje saa tatu. Nitapita kwa kinyozi kwanza.