Kioo Kinachosogea Kiwe Upande Wangu

Jumamosi, 8 Novemba
Najla ana vipele vya joto shingoni. Daktari kasema mtoto apate hewa. Nimeitikia kwa adabu. Dirisha letu la mbao lilipakwa rangi likiwa limefungwa, halijafunguka tangu tuhamie mtaa huu wa Deira. Tena ni nusu dirisha. Chumba kimegawanywa kwa ubao uliopita katikati ya dirisha hilo: nusu yetu, nusu ya Agneta, mlinzi wa zamu ya usiku.

Jioni Mahfudh, mume wangu, karudi na habari. Hazim, rafiki yake fundi wa alumini kule Al Quoz, ana dirisha lililokataliwa na madam mmoja kwa sababu ya rangi. Atatupa. Vioo viwili: kimoja husogea, kingine hakisogei kamwe. Sikuwaza sana. Agneta hulala mchana, hewa ataifanyia nini? Nimemwambia linakuja dirisha jipya. Habari za vioo nikazimeza.

Jumatatu, 10 Novemba
Hazim kaja baada ya kazi, Agneta kishaenda zamu. Nimemwambia kwa siri: kinachosogea, kulia. Kasema sawa shemeji. Kapanda ngazi, kafunga, kapangusa vioo, kaenda zake.

Nimesukuma. Hakijasogea.

Hazim alikuwa nje ananitazama mimi. Kulia kwake ni kwa Agneta.

Jumanne, 11 Novemba
Agneta kabisha hodi na chapati nne. Kasema, Mama Najla, huu upepo wote ni wangu? Mungu akubariki, sista. Nimesema si kitu. Akifungua, kioo chake kinakuja kukaa nyuma ya changu. Sasa nina vioo viwili na hewa sina.

Mahfudh kala chapati tatu. Kanishauri nimweleze Agneta ukweli. Nimekataa. Nimempigia Hazim: Alhamisi jioni aje aligeuze. Safari hii ajifikirie yuko ndani.

Jumatano, 12 Novemba
Najla kalia asubuhi nzima. Agneta, aliyepaswa kuwa amelala, kaja kumbeba. Kaona vipele. Katazama dirisha langu, kanitazama mimi. Nilidhani kanifuma. Kumbe kasema, si tuhamishane tu, mimi nikilala hata lori halinishtui.

Tumehamishana kabla ya adhuhuri. Magodoro, ndoo, Najla. Nimefungua dirisha. Mtoto kalala saa nne mfululizo, na mimi kando yake na viatu miguuni.

Alhamisi, 13 Novemba
Shingo ya Najla imeanza kukauka. Jioni nimempeleka matembezi kandokando ya Khor, ule mkono wa bahari, nikamnunulia mahindi, akayalamba tu. Sijafurahi hivyo tangu nijifungue.

Nimerudi, nimesukuma kioo. Hakijasogea.

Kumbe Hazim kaja nikiwa matembezini, kaligeuza. Nilisahau kumzuia. Mahfudh kamshikia ngazi, kisha kampikia chai. Nikamuuliza Mahfudh, hukuona tumehama? Kasema aliona, lakini alidhani ndiyo mipango yangu, na mipango yangu aliacha kuiingilia mwaka wa kwanza wa ndoa.

Ijumaa, 14 Novemba
Agneta katoka zamu kakuta upepo umemfuata. Kaniuliza imekuwaje. Nimesema alumini ya siku hizi. Kasema basi, mama, mimi nashukuru sina mtoto wa kuhamisha kila siku. Kesho niko ofu, tubadilishane tena, Najla alale vizuri.

Nimeona aibu, kweli. Nimemkumbatia. Nimemwambia yeye ni zaidi ya ndugu, na niliyasema kwa moyo wote.

Ila binadamu hubadilika. Asije akaamka kesho na nia nyingine, mtoto wangu akabaki bila hewa. Nimempigia Hazim aje Jumapili aligeuze, kinachosogea kiwe upande huu nilipo leo. Mahfudh sijamwambia.