Mhakiki wa Sura Tatu

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Na uzee huu!

Asubuhi nilikuwa napanga kabati, nikakutana na kitabu cha shoga yangu Zawadi, alichokitunga tukiwa wauguzi vijana hapa Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nikakipiga picha, nikaitupia kwenye grupu letu: "Mhakiki wa kwanza wa kitabu hiki ni mimi." (Kiherehere hakina dawa.)

Haikupita dakika, Zawadi mwenyewe akaibuka: "Basi waeleze watoto, shoga. Hadithi inaishaje?"

Watu arobaini wanasubiri. Acha niseme ukweli.

Ni hadithi ya vijana. Bibi aliyekufa anarudi kumsuka mjukuu wake nywele. Inaanza harufu ya mafuta ya nazi, kisha vidole vya baridi shingoni. Mie mtu wa Tanga, niliyelelewa na habari za mizimu, nilifika sura ya tatu nikakifunga. Nikakipeleka uani, stoo ya makaa ya mawe. (Nikatia na komeo.)

Wenye magazeti hawakuogopa. Mmoja aliandika kwamba kitabu hakitishi hata kidogo. Mwingine akasema vijana watakisinzilia. Zawadi alivikata vipande hivyo vya magazeti, akatembea navyo mkobani wiki nzima. Mwishowe akaita kikao cha watu wetu, ukumbi wa kanisa kule Small Heath, msemaji mkuu mie. Tukiwa kwenye basi akaniambia, "Nanyi mkisema hivyohivyo, kalamu naitupa."

Nami nikasemaje? Kitabu sijakimaliza, nikaazima maneno ya gazeti. Nikasimama na kitabu changu mkononi, nikakohoa kisomi.

"Kwa kweli hakitishi. Sisi mizimu tumeizoea."

Zawadi akafunika kalamu yake, akaitia mkobani. Hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Papo hapo umeme ukakatika (enzi zile za migomo ulikatwa kwa zamu). Giza totoro. Kumbe mama mmoja wa Kisingasinga, mzaliwa wa Nairobi, ndio kwanza anaingia, anapapasa kiti. Mkono wake, na baridi yote ya nje, ukatua shingoni mwangu. Na nywele kapaka mafuta ya nazi.

"Bibi, niache! Mjukuu wako si mimi!"

Mishumaa ilipowashwa nilikuwa chini ya meza, nimekumbatia mguu wa Zawadi. Kitabu kimeanguka, kimejaa vumbi la makaa, alama yangu ingali sura ya tatu.

"Shoga," akasema, "kinatisha, hakitishi?"

"Kinatisha."

"Na weusi huu?"

"Kilikuwa kinalala stoo ya makaa."

Ukumbi ukaangua kicheko, Zawadi akacheka hadi machozi. Kisha akaitoa kalamu, akaandika maneno yangu ya chini ya meza nyuma ya kimoja cha vile vipande vya magazeti. Baada ya hapo alitunga vitabu vingine vinne. Nazitamani sana siku zile, chai ya tangawizi kwenye chupa, harufu ya hita ya mafuta ya taa, sisi tukiwa wasichana. Wengi wa waliocheka siku ile wametangulia.

Zawadi bado anasubiri jibu. Nimejaribu sura ya nne mchana kweupe, mlango wazi, redio juu. Nimekifunga. Msinicheke, ila kama yupo aliyekimaliza, anidokeze faragha yule bibi aliishia wapi.